Fimbo Fupi ya Tsofa

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Wahenga, Mungu awarehemu, hawakupata kubeba magunia ya saruji pale Kilindini tangu vita vianze mpaka vikaisha. Erastus Ruwa aliyabeba, na siku alipoutafuta ujuzi wake wa zamani akaukuta umepondeka kama ndizi iliyosahauliwa chini ya kikapu.

Ujuzi wenyewe ulikuwa wa gofu. Najua utacheka. Mrabai aliyehamia Likoni, mwana wa mgema, hana shamba wala mbuzi, na alichojaliwa duniani ni kupiga kimpira cheupe kwa fimbo. Lakini riziki haina mwenyewe, na kila mtu hupewa chake.

Ng'ambo ya kivuko, upande wa kisiwani, Wazungu walikuwa na kiwanja chao juu ya majabali ya bahari, na tangu ujana wake Ruwa alikuwa akiwabebea mifuko ya fimbo. Wachukuzi wa kazi hiyo walitoka Likoni, Changamwe na Kisauni. Kazi yao ilikuwa kubeba, kutafuta mipira vichakani, na kunyamaza. Kucheza hawakuruhusiwa, ila siku moja tu kwa mwaka, siku ya pili ya Krismasi. Siku hiyo Wazungu walikuwa wamelala na vichwa vinawagonga kwa vileo vya jana, na kiwanja kilikuwa cha wachukuzi kutwa nzima.

Nao walicheza kwa desturi yao wenyewe, ambayo Wazungu hawakuijua wala hawakuiuliza. Walicheza wawili wawili, jozi moja kwa mpira mmoja. Mmoja aliitwa mpelekaji. Yeye huupiga mpira kutoka mbali mpaka ufike kwenye shimo. Pale penye shimo hapakuwa na majani; palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya mitambo, ili upepo wa bahari usiupeperushe. Mpira ukishaingia duarani, kazi ya mpelekaji imekwisha. Hapo humpisha mwenziwe, mtiaji, ambaye huutia mpira shimoni kwa fimbo fupi, kisha huburuta ubao juu ya mchanga kufuta nyayo, wajao nyuma wakute pamelainika. Jozi iliyopiga mara chache kuliko wengine ndiyo iliyoshinda.

Mpelekaji alikuwa Ruwa. Mtiaji wake alikuwa Tsofa, Mrabai mwenziwe na jirani yake pale Likoni, mtu mfupi, mkimya, mwenye mazoea ya kukuna sikio kabla ya kusema neno, na mara nyingi akishalikuna halisemi tena. Kabla ya vita jozi yao ilishinda miaka mitatu mfululizo. Ruwa akipiga, mpira ulipaa mpaka watu wakaweka mikono juu ya nyusi kuutazama, na hapo ndipo alipopewa jina la Mzinga. Kila mwaka mchezo ukiisha wachukuzi walimnyanyua Mzinga mabegani wakamzungusha kiwanja kizima kwa nyimbo. Tsofa hakunyanyuliwa. Wakati huo Tsofa alikuwa bado kwenye shimo la mwisho, anaburuta ubao.

Vita vikaja. Jeshi likakichukua kiwanja na wachukuzi wakatawanyika. Ruwa akaenda bandarini kuwa kuli. Tsofa akaandikishwa, akapelekwa Burma, akafa huko, wala si kwa risasi bali kwa homa. Habari ilipofika, Ruwa alikwenda matangani, akaketi mwisho wa mkeka, akaondoka, na tangu siku hiyo akaikwepa njia ya kwa Jumwa, mjane wa Tsofa. Hakujua la kumwambia. Miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa msemaji na Tsofa ndiye aliyekuwa msikizaji, na msemaji akikosa wa kumsikiza huona hata ulimi ni mzigo.

Kisha mkewe Ruwa, Kafedha, akarudi kwao Rabai. Alikuwa amechoka kungoja mtoto ambaye hakuja, na mume ambaye akitoka bandarini hulala kabla ya kuvua shati. Hakuna aliyemlaumu, hata Ruwa mwenyewe. Alichukua vyombo vyake akaacha sufuria moja, na hiyo moja ilitosha.

Ikawa mwaka wa arobaini na saba, baada ya ule mgomo mkubwa. Bega la Ruwa lilikuwa limeanza kumlilia kila akiinua gunia, na kiwanja cha gofu kilikuwa kimefunguliwa tena, basi akarudi kwenye mifuko. Nyapara wa wachukuzi alikuwa yuleyule wa zamani, Kazungu, sasa ana mvi na tumbo. Siku moja mvua za masika zilipokuwa zinamalizikia, Kazungu aliwatangazia kwamba Krismasi hiyo mchezo wao utarudi.

"Mzinga, waja?" alimwuliza.

"Naja."

"Na nani?"

"Nitapata mtu."

Alijibu upesi mno, kama mtu anayeogopa kuulizwa mara ya pili. Ukweli ni kwamba lile jina lilimgonga kifuani. Kanisani alikuwa Erastus, na mchungaji mwenyewe hulikumbuka jina hilo akishamtazama sana. Bandarini alikuwa namba. Chumbani kwake, nyuma ya njia ya Mtongwe, hakuwa na jina lolote, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwita. Ni kiwanjani tu alikokuwa Mzinga, na Ruwa alilitaka jina lile kama mwenye kiu atakavyo maji. Alitaka siku moja tu, watu wamtazame akipiga, wamwite, na ajue kwamba bado yupo.

Fimbo yake ndefu ilikuwa chini ya kitanda, imezongwa gunia. Akaisugua kutu kwa mchanga, akaipaka mafuta ya nazi, akatoka nayo alasiri kwenda kwenye uwanja ambao wanajeshi walikuwa wameuacha upande wa Mtongwe. Hema zao zilikuwa zimekwenda, na nyasi zililiwa na mbuzi mpaka zikawa fupi. Akaweka mpira chini. Akatanua miguu. Akainua fimbo, na bega likamwambia habari zake. Alipoishusha alichimba donge la udongo kubwa kuliko kichwa cha mtoto, na mpira ukabaki pale pale unamtazama.

Akapiga tena. Mpira ukakimbia kando, ukamfuata mbuzi. Mbuzi akaunusa akauacha.

Wiki nzima ilikwenda hivyo, kisha mwezi. Tabu haikuwa bega peke yake. Tabu ilikuwa viganja. Mikono iliyozoea kukamata gunia hukamata kila kitu kama gunia, na fimbo ya gofu haitaki kukamatwa hivyo. Zamani aliishika kama mtu ashikavyo kifaranga, hakibani, hakiachi. Sasa ngozi ya viganja ilikuwa nene kama soli, hata hakuwa na hakika anaisikia fimbo mkononi. Majirani walimwona akirudi kila jioni na udongo magotini.

"Ruwa, walima nini huko kwa wanajeshi?" walimwuliza.

"Nalima tu," alijibu, akapita.

Wakasema upweke umemwingia kichwani. Si uongo mtupu. Mtu aishiye peke yake huanza kwa kuzungumza na sufuria, na Ruwa alikuwa ameshavuka hapo. Alikuwa akizungumza na mpira. Alikuwa akiutukana, hasa.

Alasiri moja, amechoka hata hasira zimemwisha, alisimama mbele ya mpira bila kutaka lolote. Akasikia maneno. Hakuyasikia kwa masikio, mimi sisemi habari za mizimu. Aliyasikia kwa ndani, vile mtu akumbukavyo harufu ya jiko la mamake. "Usiupige. Upitie tu." Yalikuwa maneno ya Tsofa. Kila alipokuwa akisimama kupiga, miaka yote ile, Tsofa alikuwa nyuma yake, na baada ya kukuna sikio alimwambia maneno hayo hayo kwa sauti ndogo. Ruwa alikuwa ameyazoea mpaka hakuwa akiyasikia tena, kama mtu asivyosikia pumzi yake mwenyewe.

Akalegeza viganja. Akaupitia mpira.

Ukaondoka kwa ule mlio mkavu alioukosa miaka mingi, ukapanda juu ya minazi, ukakaa huko juu kitambo kama usiotaka kushuka, ukaanguka mwisho wa uwanja. Ruwa alicheka peke yake. Kisha akageuka nyuma amwambie mtu, na nyuma palikuwa na mbuzi. Kicheko kikamkauka mdomoni, akakaa chini kwenye nyasi. Furaha isiyo na wa kuambiwa inauma kuliko huzuni, maana huzuni angalau mtu huweza kulala nayo.

Lakini kipigo kilikuwa kimerudi. Kilipotea siku mbili tatu, kikarudi tena, na kufikia Novemba kilikuwa kimekaa. Bega lililalamika likazoea. Ndipo Ruwa akasema moyoni, sasa yamebaki madogo. Akachota mchanga wa ufukweni, akautandaza duara, akafukia kifuu cha nazi katikati kiwe shimo. Akapiga kutoka mbali, mpira ukaja ukalala duarani, hatua chache tu na kifuu. Akaugusa kwa fimbo yake ndefu. Ukapita kushoto. Akaugusa tena, ukapita kulia. Akaugusa polepole, ukasimama njiani kama punda. Alijaribu mpaka jua likaingia nyuma ya minazi, na kifuu kikabaki kitupu.

Mara ya kwanza alisema ni fimbo, si ya kazi hii. Mara ya pili alisema ni mchanga. Siku ya tatu alikoma kutafuta visingizio, akaelewa. Kipigo cha mbali kilikuwa chake, kilipotea na amekipata. Hiki cha karibu hakukipoteza, maana hakuwahi kuwa nacho. Tangu ujana wake alikuwa akifika kwenye mchanga na fimbo zote mbili, akatoa ile fupi nyuma bila kugeuka, na mkono wa Tsofa ukaipokea. Yeye hapo alikuwa akitazama bahari, au akisikiza watu wanavyomsifu. Hata hakutazama Tsofa anavyofanya. Akaona haya mbele ya kifuu cha nazi.

Basi akamwendea Jumwa.

Asubuhi Jumwa alikuwa akikaanga mihogo njia ya kivukoni, na alasiri alikuwa kwake, nyumba ndogo ya udongo yenye ua wa makuti. Binti yake Florence alikuwa ameolewa Mjambere, na Jumwa alikaa peke yake. Ruwa alisimama nje ya ua akapiga hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, shemeji. Ruwa."

"Ruwa yupi?"

Alimjua, bila shaka. Likoni haikuwa na Ruwa wengi hivyo.

"Ruwa wa Tsofa," alisema.

Jumwa akatoka, akasimama mlangoni, mikono imejaa unga. Hakumkaribisha ndani, na isingefaa amkaribishe. Mjane na mwanamume asiye na mke, majirani wana macho. "Njia ya huku imeota nyasi, shemeji," alisema.

"Imeota. Kosa ni langu."

"Haya. Wataka nini?"

"Ile fimbo fupi ya marehemu. Kama ipo."

Jumwa akageuza uso kutazama mlango wake. Nyuma ya ubao wa mlango, kando ya vishikio viwili vya mti, fimbo fupi ya Tsofa ilikuwa imeegemezwa. "Ile ndiyo komeo langu," alisema. "Tangu ile habari ije silali bila kuipitisha. Waitakia nini?"

Ruwa akamweleza habari za mchezo. Alieleza kwa marefu, kama kawaida yake, na Jumwa akamsikiza bila kutikisa kichwa.

"Kwani wewe si Mzinga?" aliuliza alipomaliza. "Si wewe waliyekubeba mabegani?"

"Ni mimi."

"Na yeye?"

Ruwa akashika nguzo ya ua.

"Alikuwa akija hapa na mchanga wa mafuta mpaka kwenye nyusi," Jumwa alisema. "Namwuliza, baba Florence, mmeshinda? Aniambia, tumeshinda. Namwuliza, wamewabeba? Aniambia, wamembeba Ruwa. Kisha akuna sikio, atafuta maji. Na ule mchanga hautoki kwa maji matupu, shemeji. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpangusa kwa mafuta ya nazi na kitambaa, mwaka kwa mwaka, mtu aliyeshinda."

Aliyasema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana yaliingia. Ruwa alitazama vidole vya miguu yake. Kama angekaripiwa angejua la kufanya.

Jumwa akaifuta mikono, akaitoa fimbo, akampa. "Chukua. Lakini jua lisitue haijarudi. Mlango wangu hauna komeo jingine, na mimi ni mtu wa peke yangu."

"Hata mimi, shemeji."

"Najua. Lakini mlango wako hakuna aujaribuye."

Ikawa ndiyo desturi ya Desemba ile. Kila alipotoka kiwanjani Ruwa alipita kwa Jumwa, akapiga hodi, fimbo ikatolewa mlangoni. Kabla jua halijatua alikuwa amerudi nayo. "Weka hapo," Jumwa alisema, naye akaiweka kizingitini. Maneno yao hayakuzidi hayo, isipokuwa siku moja alipomwuliza kama fimbo inamtii, Ruwa akasema bado. Hata hivyo alijikuta anaingojea ile hodi tangu asubuhi. Ni jambo dogo, kupiga hodi mahali na mtu akakujibu, lakini Ruwa alikuwa na muda mrefu hajajibiwa.

Mwenzi wa kucheza naye hakumpata. Vijana walikuwa na jozi zao, na wazee wenziwe wengine walikuwa wamekufa, wengine wamekwenda kazi ya reli, na waliobaki walikuwa wa kutazama tu. Mikono ilianza kuijua fimbo fupi kidogo. Katika kila mipira kumi, miwili ilianguka kifuuni, na siku ya Krismasi yenyewe, baada ya kanisa, ilianguka mitatu. Ruwa akajipa moyo kwamba yatosha. Mtu akitaka kitu sana hujifunza hesabu zake mwenyewe.

Siku ya mchezo akapiga hodi kwa Jumwa alfajiri, kisha akavuka na kivuko cha kwanza, fimbo zote mbili begani. Kazungu alikuwa akizipanga jozi.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Mimi napeleka," Ruwa alisema. "Tsofa anatia."

Vijana wakacheka. Wazee hawakucheka. Kazungu akamkaribia, akasema kwa upole, "Tsofa alikufa, bwana."

"Najua. Nilikaa matanga yake. Lakini jozi yetu hakuna aliyeivunja. Nipe zamu."

Kazungu alivua kofia, akakuna mvi zake, akaivaa. "Haya," alisema. "Lakini Tsofa alikuwa akilainisha mchanga. Leo atalainisha?"

"Atalainisha."

Zamu ikafika. Ruwa akaweka mpira, akalegeza viganja, akayasikia yale maneno nyuma yake. Akaupitia. Mpira ukapaa juu ya nyasi, juu ya vichaka, mikono ikaenda juu ya nyusi, na kutoka kwa wazee kukatoka sauti, "Mzinga!" Ruwa akaisikia mpaka kwenye magoti. Alikwenda na fimbo zake kama bwana harusi. Kwa kipigo cha pili akaupeleka mchangani, ukalala vizuri, karibu na shimo.

Akafika ukingo wa duara. Akainua uso kutazama bahari, kama alivyozoea, na mkono wake ukaitoa ile fimbo fupi nyuma bila kugeuka.

Hakuna aliyeipokea. Mkono ukabaki pale nyuma, umenyooka, na fimbo ndani yake. Watu wote waliona. Hata wale vijana waliocheka asubuhi wakatazama chini. Ruwa akaurudisha mkono polepole, akaingia mchangani. Akaugusa mpira, ukapita. Akaugusa, ukapita tena. Ulipoingia mwishowe alikuwa amepiga mara nyingi kuliko alivyopiga kutoka mbali kote. Akachukua ubao akauburuta.

Shimo la pili likawa hivyo, na la tatu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Ruwa alipatwa na zaidi ya hayo: alisifiwa miaka mitatu kwa tembo ambalo nusu yake aligema mtu mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kila mwenye macho alikuwa anaona kidole kimoja kikihangaika.

Kwenye shimo la nne alimsikia mzee mmoja nyuma yake akisema, "Hapa Tsofa angeinama mara moja tu." Maneno yakamchoma. Kwenye shimo la tano wakasema wawili. "Mwaukumbuka mwaka ule wa mvua, mchanga umekuwa uji, naye akautia kutoka ukingoni?" "Tena bila kusema neno. Akakuna sikio, basi." Kijana mmoja akauliza huyo Tsofa alikuwa nani, na wazee wakaanza kumwambia, kila mmoja anamkata mwenziwe kauli.

Kazungu akamjia kando. "Ndugu yangu, waweza kuacha. Mpira wa mbali tumeuona, ni uleule. Hapana aibu."

Ruwa alikuwa ameshika ubao, mikono imejaa mchanga wa mafuta. Aliwatazama wale wazee. Kila alipokosa, jina la Tsofa lilitajwa. Tangu habari ile ije kutoka Burma hakuwahi kulisikia likitajwa na watu wengi hivyo, na kwa furaha hivyo. Lile jina la Mzinga lilikuwa limekoma tangu shimo la tatu, na alishangaa kuona kwamba halimwumi tena alivyodhani.

"Nitamaliza," alisema.

Usidhani alikosa makusudi. Hilo lingekuwa tusi, na Ruwa hakuwa mtu wa hivyo. Kila mpira aliinama akautia kwa nguvu zake zote za kutaka, shingo inamtoka jasho, na kila mpira ulikwenda utakako. Mpaka shimo la mwisho watu walikuwa wameacha kufuata jozi zilizokuwa zikishinda. Walimfuata yeye, kama watu wafuatao jeneza, wakizungumza habari za marehemu.

Akawa wa mwisho katika wote. Walioshinda walikuwa vijana wawili wa Changamwe. Wachukuzi wakamnyanyua mpelekaji wao mabegani kama ilivyokuwa desturi, na wimbo ukaanza. Ruwa hakugeuka kutazama. Alikuwa bado kwenye shimo la mwisho, anaburuta ubao. Ndipo alipomsikia Kazungu akiukata wimbo.

"Mshusheni kwanza," nyapara alisema. "Mtiaji yuko wapi? Mwiteni aache huo ubao. Wabebwe wote wawili."

Ruwa akaendelea kulainisha mchanga, maana macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakutaka kuonekana. Alipomaliza pakawa laini kabisa, kana kwamba hakupita mtu.

Jua lilikuwa bado halijatua aliposhuka kivukoni. Jumwa alikuwa uani, anachambua kunde.

"Hodi."

"Mmeshinda?"

"Tumeshindwa, shemeji. Tumekuwa wa mwisho. Mimi ndiye niliyemwangusha."

Jumwa akaendelea na kunde zake. "Na watu wamesema nini?"

Ruwa, msemaji yule, alitafuta maneno asiyapate mengi. "Wamesema hapakuwa na Mzinga," alijibu. "Wamesema palikuwa na Tsofa. Mchana kutwa hawakusema jingine." Akaongeza, "Walikuwa na haki. Mimi nilikuwa naye miaka yote ile, na leo ndiyo nimemwona."

Mikono ya Jumwa ikasimama ndani ya ungo. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, akauona ule mchanga mweusi kwenye nyusi zake. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kitambaa na kibakuli cha mafuta ya nazi. Hakumpangusa, alimpa mkononi, naye Ruwa akajipangusa mwenyewe pale nje ya mlango, polepole, mpaka mafuta yakautoa wote. Jumwa alisimama akimngoja. Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta wala hakuyaficha.

"Alikuwa akikusifu," alisema. "Kila mwaka. Mimi ndiye niliyekuwa na chuki, si yeye."

Ruwa akaitika kwa kichwa. Akamrudishia kitambaa na kibakuli, kisha akamnyoshea fimbo fupi, na Jumwa akaipokea.

"Kesho sitakuja," Ruwa alisema. "Mchezo umekwisha."

"Najua," alisema Jumwa. "Lala salama, shemeji."

Mlango ukafungwa. Ruwa alisimama kidogo nje ya ua, giza linaanza kushuka, akasikia ndani fimbo ya Tsofa ikipitishwa kwenye vishikio vyake. Iliingia mara moja tu. Akageuka, akashika njia ya kwake.